Bakteria Asiyeogopa Friji

Msikilizaji, friji haimtishi kila bakteria. Listeria huendelea kuzaliana, polepole, hata kwenye nyuzijoto 4. Afrika Kusini waliyaona madhara yake mwaka 2017 na 2018: zaidi ya watu 1,000 waliugua, zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo vichanga wengi. Chanzo, kilichotangazwa Machi 2018, kilikuwa poloni, ile soseji nene ya kuliwa na mkate.

Ili kumgundua Listeria, maabara huotesha sampuli kwa siku kadhaa. Nyama haingoji, imeshaliwa! Ndiyo maana watafiti wanaunda sensa za kushikwa mkononi. Ndani yake mna kingamwili, au fagi, yaani virusi wanaowinda bakteria tu. Bakteria akinaswa, mkondo wa umeme hubadilika na kifaa hutoa ishara. Shida ni bakteria wachache waliojificha kwenye pande kubwa la nyama: hao huponyoka.

Fagi huyohuyo anaweza kuua pia. Humwingia bakteria, akazaliana humo, kisha akampasua. Mwaka 2006 Marekani iliruhusu fagi wa kupulizia nyama iliyo tayari kuliwa.

Nawe mama mjamzito, ukiwakumbuka vichanga wale, pasha moto poloni yako mpaka ifuke mvuke.