Mti Juu ya Paa: Gharama ya Kukata na Thamani ya Anayekata

Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili



Leo hatutazungumzia kupanda miti. Juu ya kupanda tumekwisha kusema mengi, na kazi yenu inaonekana. Tunaomba tuzungumzie miti iliyokua kupita kiasi karibu na nyumba zetu, ambayo sasa inakatwa kwa msumeno wa injini, ule ambao wengi wetu tunauita chenso.

Sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tunaishi ndani ya miti. Kihamba bila kivuli si kihamba. Wazee wetu waliacha mringaringa na mruka usimame juu ya kahawa na migomba. Baadaye ukaja mgrevilea, mti wenye asili ya Australia, ukapandwa kwa wingi kwa sababu hukua haraka na hutoa mbao na kuni. Mche wenye urefu wa goti haukumtisha mtu, hata ulipopandwa hatua tatu kutoka ukutani. Leo mti huo unaweza kuzidi mita 20. Vihamba vimegawanywa, nyumba zimeongezeka, nyaya za umeme zimepita, na mti uko palepale. Masika ikifika, udongo ukalowa na upepo ukavuma, mwenye nyumba halali usingizi.

Wengi wanaoomba msaada wa kukatiwa miti ni wajane na wazee ambao watoto wao wako mbali. Maombi yao hutufikia kupitia kwenu, na kwa kawaida huandikwa mstari mmoja tu: "kukata mti", kisha kiasi cha fedha. Atakayeshika msumeno hatajwi.

Tunajua usharika mmoja, ambao hatutautaja, uliomsaidia mama mjane kwa njia hiyo. Alitafutwa kijana wa bei nafuu. Alikuja na msumeno wa kuazima, amevaa kandambili, akapanda ngazi. Tawi lilipokatika liliipiga ngazi, na kijana akaanguka na kuvunjika paja. Paa la mama lilisalimika. Baba wa kijana aliuza ng'ombe kulipia matibabu. Kwenye taarifa ya mradi iliandikwa kwamba kazi imekamilika. Ndugu wajumbe, je, kweli ilikamilika?

Kwa sababu hiyo tunaleta kwenu mambo matano.

Kwanza, tujiulize kama ni lazima mti uanguke. Mgrevilea huvumilia kupunguzwa matawi, na wakulima wengi hufanya hivyo kwa ajili ya kuni. Mti unaopunguzwa mapema hauhitaji injini. Panga na msumeno wa mkono vinatosha. Lakini mti ulioanza kuinama hivi karibuni, wenye uyoga shinani, au uliokatwa mizizi wakati wa kuchimba msingi, huo usisubiri masika.

Pili, ruhusa. Nchi yetu ina Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na halmashauri zina taratibu zake za vibali. Kamati ianze kwa mtendaji wa kijiji na afisa misitu wa wilaya, hata kama mti uko ndani ya kihamba. Mti uliogusa au kukaribia waya wa umeme usiguswe na mtu yeyote kabla ya TANESCO kuarifiwa na kukata umeme.

Tatu, kupima. Chukua fimbo yenye urefu sawa na mkono wako, kuanzia jichoni hadi kwenye ngumi. Inyooshe mbele yako ikiwa imesimama wima, kisha rudi nyuma mpaka ncha yake ya juu ilingane na kilele cha mti na ncha ya chini ilingane na kitako cha shina. Kwenye ardhi tambarare, umbali kutoka hapo ulipo hadi kwenye mti ni sawa na urefu wa mti. Watazamaji, hasa watoto, wakae mbali angalau mara mbili ya urefu huo. Ikiwa nafasi haitoshi kuulaza mti wote, ushushwe vipande vipande kwa kamba, na hiyo ni kazi ya fundi mzoefu.

Nne, fundi mwenyewe. Mnyororo wa msumeno huu unaweza kukimbia mita 20 kwa sekunde moja. Ncha ya juu ya upanga wake ikigusa mti, msumeno huruka kuelekea usoni kabla mtu hajawahi kufumba jicho. Kwa hiyo tuulize: je, breki ya mnyororo inafanya kazi? Je, ana kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, buti, na suruali maalumu yenye nyuzi zinazonasa mnyororo na kuusimamisha? Anayekatia juu ya ngazi, au kuinua msumeno kupita mabega, asimamishwe. Fundi anayeijua kazi hukata kwanza mdomo upande ambao mti utaangukia, kiasi cha robo ya unene wa shina. Kisha hukata upande wa nyuma na kuacha katikati ubao mwembamba usiokatwa, kama sehemu ya kumi ya unene, ambao huuongoza mti kama bawaba inavyoongoza mlango. Kabla ya kuwasha injini huwa amekwisha kusafisha njia ya kukimbilia, kwa nyuma na upande. Petroli huongezwa injini ikiwa imepoa.

Tano, akiumia. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini kijana wa kibarua aliyepatana kwa mdomo mara nyingi hana mwajiri wa kumsemea. Pasipo na mwajiri, kamati iliyomwita ndiyo iliyo karibu naye.

Tunajua mtasema gharama itapanda. Ni kweli. Huenda fedha iliyokata miti mitatu sasa itakata miwili. Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: tafadhali msituhesabie idadi ya miti peke yake. Mtuulize pia nani alikata, alivaa nini, na kama alirudi nyumbani salama.

Mapendekezo yetu ni mepesi. Sharika jirani zishirikiane kununua seti moja ya vifaa vya kinga na kuitunza. Kila maombi yaonyeshe jina la fundi, makubaliano ya maandishi, na fungu la matibabu. Na kila kamati ipite kwenye nyumba za wazee kabla ya masika, itazame juu ya paa.

Mama mjane anastahili kulala bila hofu. Kijana anayemkatia mti naye ni mtoto wa mtu.