Sanduku la Kuonyeshwa Polisi

Matatu ikisimamishwa kwenye kizuizi na afisa akaulizia sanduku la huduma ya kwanza, kondakta hulichomoa chini ya kiti, akaliinua dirishani, kisha akalirudisha. Safari inaendelea. Mara nyingi hakuna anayelifungua. Lingefunguliwa, huenda tungekuta plasta zilizokauka, mkasi wenye kutu na risiti za mafuta.

Katika barabara zetu hilo si jambo la kuchekea. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu ya Taita Taveta. Ukiipita Maktau ukielekea Taveta, umo ndani ya Tsavo Magharibi. Gari likipinduka huko, hospitali ya rufaa iko nyuma Voi, na simu huenda isishike. Ambulensi itakapofika, mengi yatakuwa yameshaamuliwa na abiria wenyewe.

Basi sanduku liwe na nini? Kwanza glavu. Kisha shashi na bandeji pana. Damu ikichuruzika, bonyeza jeraha kwa nguvu. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usikibandue. Weka jerikeni ya maji safi. Anayefungua rejeta inayochemka akaungua mkono, amwagiwe maji ya baridi kwa dakika 20, si dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Aliyeumwa na nyoka akibadilisha tairi asichanjwe, wala sumu isinyonywe. Atulizwe, asitembezwe, awahishwe hospitali.

Na blanketi. Wengi hudhani blanketi ni la Wundanyi, mwezi wa Julai, ukungu unapofunika kona za mlimani. La hasha. Majeruhi aliyepoteza damu hutetemeka kwa baridi hata pale Maungu, jua likiwa la utosi. Mfunike.

Tukitoka sandukuni, tuje kwenye lami. Lori likiharibika usiku, dereva hukata matawi akayatandaza barabarani, akazuia magurudumu kwa mawe. Likishatengenezwa huondoka, mawe akayaacha palepale. Anayekuja nyuma kwa kasi anayavaa. Beba pembetatu za kuakisi mwanga, tochi na vizuizi vya mbao, kisha ondoka navyo vyote.

Neno langu la leo ni kwa wenye magari. Siku unayopeleka gari kubadilishwa oili, kagua na sanduku. Kilichokwisha muda kitoke, kilichotumika kirudishwe. Dereva na kondakta wako wapeleke mafunzo ya huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wa Kenya huyatoa. Na gharama hiyo ibebe wewe. Ukiikata kwenye mapato ya siku ya kondakta, hatagusa bandeji hata moja kwa kuogopa kuilipa, na abiria wako ndiye atakayevuja damu.