HERUFI ZA CHAPA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiminini)



Tumeombwa kusema machache juu ya herufi za chapa. Labda mtauliza, sisi watu wa reli tuna shauri gani na kazi ya wachapaji? Sikilizeni kwanza.

Kule Mainz, Ujerumani, karibu mwaka 1450, fundi Johannes Gutenberg alianza kuchapa kwa herufi za madini, kila herufi kipande chake. Risasi iliyochanganywa na madini mengine huyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu. Herufi hukaa kinyume, kama uso katika kioo, ili kwenye karatasi itoke sawa. Na vipande vyote lazima viwe na kimo kimoja. Kimoja kikizidi, ukurasa huharibika, kama njia ambayo reli moja imeinuka kuliko mwenziwe.

Kazi hiyo ilifika kwetu zamani. Edward Steere, aliyekuja Unguja mwaka 1864, aliwafundisha vijana waliookolewa utumwani kupanga herufi, na maandiko ya Kiswahili yakachapwa kwa mikono yao.

Hapa Kenya, Makhan Singh alifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake, mzee aliyekuwa kwanza fundi wa reli. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi mjini Nairobi, nacho kikafungua mlango kwa watu wa kila rangi. Serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini tangu 1950 hata 1961.

Sasa jambo letu. Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi. Pointi 72 ni kama inchi moja. Herufi za pointi 12, zisipoachiwa nafasi kati ya mistari, huingia mistari 6 katika inchi. Za pointi 6 huingia mistari 12. Hivyo maneno mengi hufichwa mahali padogo.

Mwenzetu mmoja alitia kidole gumba kwenye karatasi ya kazi. Sharti la kukatwa mshahara lilikuwa chini kabisa, kwa herufi kama chembe za mchanga. Hakusomewa. Alipolalamika aliambiwa, "Imeandikwa." Na kweli iliandikwa.

Basi, ndugu, ukipewa karatasi, anza kusoma pale penye herufi ndogo. Asiyejua kusoma amwendee katibu kabla ya kutia kidole, si baada yake. Na sisi tunaojua, tuwafundishe wenzetu jioni, baada ya kazi.