Fungu la Mabinti



Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote. Baba yao alikufa bila mtoto mwanaume, nao wakaomba fungu lake. Musa hakuwafukuza, alipeleka neno lao kwa Mungu. Mungu akawapa haki, na jibu lile likawa sheria kwa Israeli yote.

Nasi katika Kongo tuko na sheria. Sheria ya Jamaa ya 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi, sehemu sawasawa, mvulana na msichana. Lakini kilio kikiisha, baba wakubwa na baba wadogo wanagawa parsele, na binti anaambiwa: “Wewe utaolewa.”

Hata mimi mchungaji, siku moja nilikaa pale, nikafunga mkutano kwa maombi, wala sikumtetea yule binti. Nimetubu.

Ndugu, Mungu alisikiliza mabinti watano; sisi ni nani tumfunge mmoja kinywa? Kabla ya kusema “Amina” katika kikao cha jamaa, uliza: fungu la binti liko wapi?

Mungu awabariki.