Mkono Mmoja Haulei Mwana: Mzazi na Mshauri Wajuane

Hotuba ya afisa wa elimu wa kaunti katika siku ya familia ya kikundi cha ushauri wa wanafunzi, iliyofanyika ndani ya ukumbi wa jamii, Kilifi, wakati wa likizo ya Aprili.

 

Nawashukuru kwa kufika licha ya mvua. Masika yametunyima uwanja, lakini kwa shughuli ya leo ukumbi ni afadhali. Uwanjani watoto wangekimbilia mpira, akina baba wangesimama chini ya mwembe na akina mama wangebaki kwenye masufuria. Humu ndani hakuna pa kujificha. Kwenye meza kuna bao, drafti na ludo, na mpango ni kwamba mtoto, mzazi wake na mshauri wake wakae meza moja. Nitaeleza kwa nini.

Mshauri hukutana na mtoto saa chache tu kwa wiki. Saa zilizobaki ni za nyumbani, shuleni na njiani. Mshauri akimwambia msichana wa Gredi ya 8 asome jioni, naye akifika nyumbani akute maji ya kuchota, chakula cha kupika na mdogo wake wa kulea hadi usiku, ushauri ule umeishia mlangoni. Simlaumu mzazi, kazi za nyumbani lazima zifanywe. Lakini kama wawili hawa hawajawahi kuonana, mtoto ndiye anayebeba amri mbili zinazopingana. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mikono ikiwa miwili, nayo haina budi kujuana.

Naomba basi tuelewane juu ya mambo manne.

La kwanza ni mipaka ya kazi ya mshauri. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mshauri asimwahidi mtu nafasi ya shule wala basari, maana hana mamlaka hayo. Kazi yake ni kusikiliza, kumwonyesha mtoto njia, na kuielekeza familia kwenye ofisi inayohusika.

La pili ni usalama. Mzazi ana haki ya kujua mshauri ni nani, anakutana na mtoto wapi na saa ngapi. Wakutane mahali pa wazi penye watu. Mshauri asimwite mtoto nyumbani kwake akiwa peke yake, asimtumie ujumbe usiku wala kumpa zawadi za siri. Mshauri mwema hachukii kuulizwa. Na wazazi pia mjue: mtoto akieleza kwamba anadhulumiwa, hata kama ni nyumbani, mshauri hataliweka siri jambo hilo. Ataripoti kwa afisa wa watoto, chifu au polisi. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Wanafunzi, ishikeni kichwani.

La tatu linawahusu hasa walio katika Gredi ya 9. Mtoto huyu anachagua mkondo atakaoufuata katika sekondari pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Mara nyingi uchaguzi huu hufanywa kwa haraka, au mtoto hufuata alikokwenda rafiki yake. Mshauri anaweza kueleza kila mkondo unampeleka mtu kwenye kazi gani. Lakini mzazi anajua asichokijua mshauri: nani nyumbani hufungua redio mbovu akaitengeneza, nani hupiga hesabu za kibanda bila kukosea, nani hawezi kuona karatasi tupu asiichore. Unganisheni maarifa hayo leo. Kisha ulizeni pia shule yenye mkondo huo iko wapi, na familia itamudu vipi nauli na mahitaji ya bweni. Ni heri swali hilo liulizwe sasa kuliko Januari.

La nne ni mtoto aliyeacha shule. Huenda yuko nyumbani kwa mmoja wetu na hatumtaji. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Miongozo ya kitaifa ya mwaka 2020 inamruhusu msichana aliyepata mimba kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mvulana aliyekwenda kuvunja mawe au kuosha bodaboda naye ana haki hiyohiyo. Msione haya; mwambieni mshauri, naye awafikishe kwa mwalimu mkuu. Na aliyekwisha kupita umri wa darasa asikate tamaa, kwa maana vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha ushonaji, useremala, umeme na umekanika.

Kabla hamjaondoka, fanyeni mambo matatu. Mzazi aandike jina la mshauri, nambari yake ya simu na siku ya kukutana. Mshauri aulize ni saa gani mtoto yuko huru kusoma nyumbani. Na mtoto aseme, mbele ya wote wawili, jambo moja analotaka kulitimiza muhula wa pili. Lisiwe kubwa mno. Liwe jambo ambalo mwisho wa muhula mtaweza kuulizana kama limefanyika.

Sasa wekeni simu mifukoni, mkae mezani. Na mzazi atakayeshindwa bao na mwanawe asikasirike. Amwulize amefundishwa na nani.