Nyaya za Mitambo ya Sauti

Leo twazungumza nanyi juu ya nyaya. Watu wengi siku hizi wana risiva ya filamu na mpira, nao huiunganisha na amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti, ili isikike sebuleni au katika kibanda umiza kizima. Bei ya mitambo hupatanwa tangu asubuhi. Waya huokotwa tu, wowote uliopo. Kisha jioni, watazamaji wamekwisha lipa kiingilio, spika zavuma kama mzinga wa nyuki.

Mvumo huo watoka wapi? Umeme wa nyumbani hapa Tanzania ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Umeme ubebao sauti kutoka risiva hadi amplifaya ni mdogo mno, kwa kawaida volti moja au mbili tu, na mara nyingi pungufu. Waya mtupu ukilala kando ya waya wa umeme hunasa mtetemo ule, na amplifaya, isiyojua kuchagua, hukuza vyote pamoja. Basi waya huu wataka kuvikwa: ndani uzi wa sauti, na juu yake wavu wa shaba unaouzunguka pande zote. Uwe mfupi kadiri iwezekanavyo. Ikiwa hamna budi kuukutanisha na waya wa umeme, na ipite kama njia panda, isilale sambamba. Unene hauna kazi hapa. Vichwa vya rangi ya dhahabu navyo havishiki kutu, lakini havitamu sauti. Anayewatoza bei ya mbuzi kwa ajili yake awauzia mng'ao.

Waya utokao amplifaya kwenda spika ni habari nyingine. Huo hubeba nguvu, wala hauhitaji wavu, wataka unene. Tuseme spika ina ukinzani wa omu 8, nayo i mbali mita 20. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 40. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 utapoteza njiani karibu sehemu 15 katika kila 100 za nguvu. Wa milimita mraba 2.5 utapoteza kama sehemu 3 tu.

Tena jihadharini na waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao huuzwa kama shaba tupu. Alumini hupitisha umeme kama sehemu 6 tu kwa 10 za shaba. Kabla ya kulipa, mwombeni mwenye duka ruhusa, mkwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, mrudishieni waya wake.