"Huduma yangu ni bure": nani humlipa ajenti wa Medicare?

Mjadala wa bima ya afya ukianza hapa kwetu, lazima mtu ataje Marekani. Sawa, leo twende huko huko.

Medicare ni bima ya serikali yao, hasa kwa waliofikisha miaka 65. Mzee anaweza kubaki kwa ile ya kawaida ya serikali, ama achukue Medicare Advantage, inayoendeshwa na kampuni binafsi. Ajenti humwambia, "Huduma yangu ni bure." Na kweli, mzee hamlipi hata senti. Kampuni ndiyo hulipa.

Serikali huweka kikomo cha kamisheni kila mwaka. Kwa 2025, majimbo mengi, ilikuwa hadi dola 626 kwa mteja mpya wa Advantage, halafu hadi 313 kila mwaka akibaki. Mpango wa dawa peke yake? 109. Mzee akibaki kwa ile ya serikali bila kununua kingine, ajenti anaenda nyumbani mikono mitupu.

Sisemi ajenti ni mwizi. Makaratasi ya Medicare si mchezo, na wengi wanasaidia watu kweli. Lakini hebu keti kwa kiti chake.

Na kurudi nyuma si rahisi. Mzee akitoka Advantage baada ya miaka kadhaa, kampuni inayouza bima ya kujazia ile ya serikali inaweza, katika majimbo mengi, kumkataa kwa sababu ni mgonjwa.

Kwa hivyo anayesema kikomo kinatosha, muulizeni: kinazuia aje 626 kushindana na sufuri?